Karavani mpaka Darwin: msikimbie miji mkaangukia giza

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tunaishi Adelaide, kusini mwa Australia, mimi, mke wangu na watoto watatu. Likizo ya shule ya Julai, wiki mbili, tunataka kuvuta karavani yetu ya kilo 2,500 kwa Prado mpaka Darwin, kaskazini kabisa, na kurudi. Wenzetu hapa wanatuambia tusithubutu kulala Coober Pedy, Alice Springs, Tennant Creek wala Katherine, eti magari yanavunjwa usiku. Tupite tu moja kwa moja. Tufuate ushauri huo? Na tujilinde vipi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Waliokuonya hawakukudanganya. Wizi wa kuvunja magari na karavani upo Alice Springs, Tennant Creek na Katherine, na mwaka 2024 serikali ya Northern Territory, eneo la kaskazini lenye miji hiyo, ilifikia hatua ya kuwazuia watoto wa chini ya miaka 18 kuzurura usiku katikati ya mji wa Alice Springs. Ila dawa waliyokuandikia inanitisha kuliko ugonjwa wenyewe. Anayeogopa kulala Tennant Creek hujikuta barabarani jua linazama, macho mazito, watoto wamesinzia nyuma, tani mbili na nusu zinamfuata mkiani, na mbele yake ng'ombe wasio na uzio. Mwizi wa Tennant Creek atakuchukulia pochi na simu. Ng'ombe wa kilo mia tano ukimgonga kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa anaingia na kioo cha mbele.

Kwa hiyo mlale mijini, lakini mlale kwa utaratibu. Na kabla ya utaratibu huo, tazama hesabu ya siku, maana hapo ndipo safari yenu ilipo na kasoro kubwa. Adelaide hadi Darwin ni kilomita 3,000 na ushei. Kwenda na kurudi kwa siku 14 ni zaidi ya kilomita 430 kila siku, bila hata siku moja ya watoto kucheza. Dereva mmoja anayevuta karavani ajiwekee kilomita 400 kwa siku, 500 pale tu njia isipompa hiari. Ushauri wangu ni kwamba kwa wiki mbili mgeuzie Alice Springs, kilomita kama 1,530 kutoka kwenu. Darwin isubiri likizo ya wiki nne.

Mgawanyo unaoheshimu mwanga wa Julai ni huu. Siku ya kwanza Port Augusta, kilomita 310. Ya pili Glendambo, 285. Ya tatu Coober Pedy, 254, na kipande hicho hakina kituo cha mafuta hata kimoja katikati. Ya nne Marla, 234. Ya tano Erldunda, kama 255. Ya sita Alice Springs, 200. Jua mwezi huo linatua karibu saa kumi na mbili jioni, kusini mapema zaidi, kwa hiyo lengo ni karavani iwe imesimama na miguu yake imeteremshwa saa tisa alasiri. Asubuhi msiondoke kabla jua halijapanda vizuri. Mkiamua siku nyingine kuendelea kaskazini, kipande cha Alice Springs hadi Tennant Creek ni kilomita zaidi ya 500. Hicho ndicho cha kuondoka saa moja na nusu asubuhi, mmeshajaza mafuta jana yake, bila kusimama madukani njiani.

Sasa miji. Anayevunja karavani Alice au Tennant Creek mara nyingi ni kijana anayetafuta kitu chepesi: funguo za gari, pombe, pesa taslimu, simu. Vingine vinavyoondoka haraka ni majenereta, firiji ndogo za gari na madumu ya mafuta yaliyofungwa nje. Ujue hilo, na ulinzi wako utakuwa kuondoa tamaa, si kujenga ngome. Pombe kama mnayo isionekane dirishani, na afadhali msiwe nayo kabisa. Ununuzi wa pombe ya kuondoka nayo katika Northern Territory una masharti ya siku na saa, na muuzaji atakagua kitambulisho chako. Usiku funguo za gari zilale mfukoni mwako au chini ya mto, si kwenye ndoano ya mlangoni ambako kila mtu huzitundika na kila mwizi huzitafuta. Viti, meza na baiskeli viingie ndani kabla ya giza.

Laleni kwenye kambi ya karavani yenye uzio na geti linalofungwa usiku. Julai kambi hujaa, kwa hiyo pigeni simu wiki kadhaa kabla, na ulizeni wazi: geti linafungwa saa ngapi, na kuna mtu zamu ya usiku? Sehemu za kupumzikia za bure kando ya barabara kuu ni nzuri zikiwa mbali na mji na zikiwa na karavani nyingine tatu nne. Zile zilizo kilomita chache nje ya mji mimi sizipendi, kwa sababu mtu wa mjini anafika kwa dakika kumi na wala hakuna mlinzi. Mkilala huko, msiichomoe karavani kwenye gari, na pua ya gari ielekee barabarani. Kitu kikiwatia shaka, mnawasha na kuondoka.

Wizi wa mchana nao upo, na wengi hawaufikirii. Familia inaegesha mbele ya duka kubwa, wote wanaingia kununua mkate, dakika ishirini zimetosha. Mtu mzima mmoja abaki. Kama haiwezekani, pelekeni karavani kambini kwanza, ichomoeni, fungeni kufuli la kiungio na pingu ya gurudumu, kisha nendeni dukani na gari tupu.

Ukisikia mtu nje usiku, bonyeza kitufe cha king'ora kwenye funguo za gari, washa taa zote, piga 000, namba ya dharura. Usitoke kumkimbiza. Usitembee na rungu au kisu "cha kujilinda": sheria za Australia hazikubali kujilinda kuwa sababu halali ya kubeba silaha, na mwenye kesi utakuwa wewe.

Nikuombe jambo moja hapa. Wenyeji wa Asili utakaowakuta wamekaa kwenye nyasi za Alice au Tennant Creek, wengi wametoka vijiji vya mbali kufuata hospitali, mahakama, ndugu au duka. Wako kwenye ardhi ya mababu zao. Wasalimie kama unavyosalimia watu kwenu. Akikuomba sigara au lifti, kataa kwa upole na uendelee na yako. Usiwapige picha bila idhini. Barabara kuu yenyewe haihitaji kibali, lakini ukikunja kuingia njia ya kijiji chao unahitaji kibali cha baraza lao la ardhi, Central Land Council au, kwa upande wa kaskazini, Northern Land Council. Na ukiendesha mjini baada ya magharibi, nenda polepole kuliko kibao kinavyoruhusu, maana watu wenye nguo za giza hutembea barabarani, wengine wamelewa.

Coober Pedy ina hatari yake peke yake, na kwa mwenye watoto ni kubwa kuliko wizi. Mji huo unaishi kwa kuchimba madini ya opali, na nje ya mitaa kuna mashimo yasiyo na kifuniko, mengine ya kina cha ghorofa kadhaa. Mtoto asikimbie nje ya njia, na mpiga picha asirudi nyuma nyuma bila kutazama. Maji pia ni adimu pale, yanauzwa, basi jazeni matangi Port Augusta. Huko kaskazini, kuanzia Katherine, hatari inayostahili kuogopwa ni mamba. Kaeni mita tano au zaidi kutoka ukingo wa maji, na mwogelee tu pale kibao kinaporuhusu. Kusema "watu wengine wanaogelea" si kibali.

Ile hofu ya kuvamiwa njiani ina chanzo: mwaka 2001 mtalii Mwingereza aliuawa karibu na Barrow Creek baada ya kusimamishwa usiku na mtu mwenye gari. Funzo lake la vitendo ni dogo na la wazi. Usiku hampo barabarani, basi jambo hilo limepungua mno. Mchana, aliyekwama msimamie, maana ndiyo desturi ya huko na kesho utakuwa wewe. Akikusimamisha mtu mwenye gari zima na kukuambia tairi lako lina moto, teremsha kioo kidogo, mshukuru, kajikague kwenye kituo au penye watu.

Turudi kwenye giza. Kangaruu hutoka alfajiri na magharibi kula majani ya kandokando. Ng'ombe hutoka muda wowote, na usiku rangi yao na lami ni kitu kimoja. Dereva aliyezoea Mikumi anajua kupunguza mwendo penye wanyama, lakini kule hakuvuta karavani. Mnyama akiruka mbele, shika usukani wima na funga breki. Usikwepe. Kukwepa kwa ghafla ndiko kunakoipindua karavani, nayo huliburuta gari. Mchana angalia tai wakubwa juu ya mizoga: huyu ndege ni mzito, anachelewa kuruka, na mara nyingi huinukia upande wa upepo, ambao unaweza kuwa upande wako. Ukiona mzoga, punguza hadi kilomita 60 na upige honi mapema.

Halafu kuna malori. Barabara ya Stuart, hii mtakayopita, ina malori ya matela matatu, marefu hadi mita 53.5, ambayo Waaustralia huyaita treni za barabarani. Piga hesabu kabla ya kufikiria kulipita. Gari na karavani yako ni mita kama 13. Ongeza urefu wa lori na nafasi ya mita 40 nyuma na mbele yake, unapata karibu mita 146. Likienda 90 nawe 100, unaipunguza nafasi hiyo kwa mita 2.8 kila sekunde, yaani sekunde zaidi ya 50, na wewe umeshakula kilomita moja na nusu upande wa kulia. Gari linalokuja mbele limekula nyingine kama hizo. Unahitaji kilomita tatu za barabara tupu. Kwa nini? Kunywa chai, liache liende.

Mara nyingi wao ndio watakaokupita wewe. Baki kwenye njia yako, shika mwendo uleule, usishuke kwenye changarawe kwa adabu ya uongo, maana tairi moja kwenye changarawe na moja kwenye lami ni mwanzo wa kuyumba. Lori likishatoka na kuwa sambamba nawe, inua mguu kidogo limalize haraka. Wekeni redio ya mawasiliano ya UHF garini. Malori huongea chaneli 40, karavani nyingi huwa chaneli 18, na chaneli 5 na 35 ni za dharura tu kisheria. Neno fupi kwenye 40, "karavani nyeupe hapa, nimekuona, pita ukiwa tayari", linaondoa mashaka ya pande zote. Kwetu dereva wa lori hukuonyesha kwa indiketa kwamba pita au usipite. Huko usiitegemee lugha hiyo: indiketa ya kulia inaweza kumaanisha anakunja kulia kweli.

Uzito nao, watu wengi wanaukosea kabla hawajatoka nyumbani. Neno "Prado inavuta tani tatu" halitoshi. Kiungio cha karavani hukandamiza nyuma ya gari kwa kiasi kama asilimia kumi ya uzito wake, kwenu kilo 250, na kilo hizo zinahesabiwa kama mzigo wa gari. Magari ya daraja hilo mengi yana nafasi ya kubeba kilo 600 na kidogo. Toa 250, toa watu watano kilo 330, umebakiwa na nini cha firiji, ngao ya mbele na vyombo vya juu? Pelekeni gari na karavani kwenye mizani, mkiwa mmejaza kila kitu pamoja na maji na watoto ndani. Lita moja ya maji ni kilo moja, matangi mawili ya lita 95 ni kilo 190. Mpime vitu vitatu: gari peke yake likiwa limebebeshwa, karavani peke yake, na jumla ya vyote. Linganisha kila kimoja na kibao chake.

Kilo 250 zikipungua sana kwenye kiungio, yaani mzigo ukiwa nyuma ya karavani, ndipo mkia unapoanza kupiga kulia na kushoto, hasa lori likipita au ukiteremka kwa kasi. Vitu vizito viwe chini, juu ya ekseli. Baiskeli na matairi mawili ya spea nyuma kabisa ni kosa. Mkia ukianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, kisha bonyeza taratibu kitufe cha mkono cha kidhibiti breki za karavani kilichopo ndani ya gari. Zikifunga breki za karavani peke yake, inavutika nyuma na kunyooka. Ukikanyaga breki ya gari unaipa karavani nafasi ya kukusukuma. Mke wako naye ajue kitufe hicho kiko wapi, mkijizoeza kwenye uwanja mtupu kwa mwendo mdogo. Mwendo wa safari uwe 90 hadi 95, hata pale kibao cha Northern Territory kinaposema 130.

Matairi ya karavani huchakaa kwa umri kabla ya kashata kwisha, kwa sababu karavani inasimama juani miezi tisa. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 3218 ni wiki ya 32 ya mwaka 2018. Hilo usilipeleke jangwani hata likiwa linang'aa. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, pima tena baada ya saa moja ya mwendo. Ukipanda zaidi ya PSI 4 hadi 6, tairi lilianza na upepo mdogo na linachemka. Ongeza kesho yake asubuhi. Beringi za magurudumu zifunguliwe, zikaguliwe na kutiwa grisi kila kilomita 10,000 au kila mwaka. Kila mnaposimama, weka kiganja karibu na kila kikombe cha gurudumu. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, beringi au breki inaomba msaada. Nati zikazwe tena kilomita 50 hadi 100 baada ya gurudumu kufunguliwa.

Jaribuni kubadili tairi la karavani nyumbani. Hapo ndipo utagundua spana ya gari haitoshi nati za karavani, au jeki ya gari ni fupi. Jeki ikae kwenye chasisi au ekseli. Miguu ya kona ni ya kuzuia kutikisika tu, ukiinulia karavani inapinda.

Mafuta: karavani ya uzito huo itakupa lita 16 hadi 20 kwa kilomita 100, na upepo wa mbele unaweza kuifikisha 25. Glendambo hadi Coober Pedy basi ni lita 40 hadi 50 siku njema, 64 siku mbaya. Jaza tanki likifika nusu, wala usihesabu kituo chochote kabla ya kupiga simu, kwani vituo vya njiani hufungwa. Maji ya akiba, mbali na tangi la karavani, ni lita 10 kwa kila mtu, kwenye madumu, yenu 50. Julai usiku Alice Springs hushuka chini ya sifuri, kwa hiyo blanketi ni kifaa cha usalama. Jiko la gesi lisiwashwe kupasha karavani joto, wala matundu ya hewa yasizibwe na nguo. Hewa ya sumu inayotoka hapo haina harufu. Mvua ya ghafla nayo hukata njia: Januari 2022 mafuriko yalifunga barabara hiyo karibu na Glendambo, Coober Pedy ikapelekewa chakula kwa ndege ya jeshi. Ukikuta maji yanakatiza lami, rudi mlipolala.

Gari likifa, vuta mbali kushoto, washa hazadi, weka pembetatu mita mia nyuma na mbele. Watoto wakae upande wa porini, kwenye kivuli cha karavani, si baina yake na lami. Kisha msiondoke kwenda kutafuta msaada kwa miguu, hata kituo kikionekana karibu kwenye ramani. Gari na karavani vinaonekana kutoka angani. Mtu peke yake haonekani. Kabla ya safari hakikisha uanachama wenu wa chama cha magari unavuta karavani pia, siyo gari tu, na soma ukomo wa kilomita.

Simu itakufa mara tu unapotoka mji mmoja hadi unapokaribia mwingine, kwa saa nyingi. Mtandao wa Telstra ndio unaofika mbali zaidi. Mitandao ya 3G ilizimwa 2024, hivyo simu ya zamani inaweza kukataa hata dharura, ipimeni kabla. Nunueni kipeleka-ishara cha setilaiti cha masafa ya 406 MHz na mkisajili bure kwa mamlaka ya usalama wa majini ya Australia, AMSA. Kinavutwa utepe na kubonyezwa pale tu roho iko hatarini. Medicare, bima ya afya ya serikali, hailipi ambulensi, basi mwe na bima yake, maana safari ya ndege ya madaktari kutoka porini si jambo la kubahatisha.

Wafundisheni na watoto kupiga 000. Wataulizwa kwa Kiingereza wanataka nani, na waseme neno moja kati ya matatu: "police", "fire" au "ambulance". Kisha waseme "Swahili" na wabaki kwenye laini, mkalimani ataunganishwa. Swali litakalofuata ni mko wapi. Programu ya serikali ya Emergency Plus itakuonyesha namba za mahali ulipo hata bila mtandao. Ikishindikana, kando ya barabara kuna vibao vidogo vyenye herufi ya mwanzo ya mji na idadi ya kilomita zilizobaki. Mpe mmoja wa watoto kazi ya kuviandika daftarini kila mnapokipita kimoja, pamoja na saa.